Kioo cha Mizani Hakikatai Kiswahili

Sisi watu wa pwani tukitaja neno mizani huwa na mambo mawili moyoni. Iko mizani ya dukani, ipimayo mchele na sukari. Na iko mizani ya ushairi, ambayo ni hesabu ya silabi, nane kwa nane, hata mshororo ukatimia 16. Leo, ndugu wasomaji, nataka kuwahadithia habari ya mizani ya tatu. Hii nayo ina hesabu ya 16, lakini si silabi bali ni vyumba vya herufi, navyo vimo katika kile kioo kidogo cha kijani au buluu kinachotoa maneno katika mashine za siku hizi. Ni mistari miwili tu, vyumba 16 juu na 16 chini, lakini riziki za watu zinapita hapo.

Mwaka jana nilikwenda kumzuru binti yangu aliyeolewa Bungoma, na katika siku hizo nikapanda gari kwenda Kitale kupitia Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini. Kwa asiyeijua, hiyo ndiyo nchi ya mahindi. Gunia huhesabiwa kwa kilo 90, na mkulima haulizwi tu uzito, huulizwa pia unyevu. Mahindi yakizidi asilimia 13.5 ya unyevu huambiwa hayajakauka, na si maneno ya bure, kwani nafaka mbichi ikifungiwa ghalani hushika ukungu, na ukungu huo huzaa sumu iuayo watu.

Basi nilisimama kwa mnunuzi mmoja wa nafaka nikaona mzee mmoja amefika na magunia yake. Kijana wa pale akatwaa kipimo, akatia konzi ya mahindi, na kioo kikaandika mistari miwili. Wa juu ulikuwa maneno ya Kiingereza, wa chini ulikuwa namba 14.1. Mzee aliinama akatazama, akainuka akauliza, "Kimesemaje, kijana?" Akajibiwa, "Mzee, yako ni maji." Mzee hakuuliza tena. Alikubali bei aliyopewa, ambayo ilikuwa pungufu ya wenziwe, akaenda zake. Namba aliiona kwa macho yake, lakini hakujua mpaka ni wapi wala amezidi kwa kiasi gani. Laiti mstari wa juu ungalimwambia hivyo kwa lugha aijuayo, huenda angalirudi na magunia yake akayaanika siku mbili tatu juani.

Nilipouliza kwa nini kioo kisiseme Kiswahili, niliambiwa, "Hizi mashine hazijui Kiswahili." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, hata huku kwetu Mombasa. Ndipo nikataka kujua: je, ni kweli?

KIOO CHENYEWE

Jawabu nililipata Bungoma mjini, kwa fundi mmoja kijana wa Kibukusu ambaye kazi yake ni kutengeneza redio, na pembeni huunda mashine za kuangulia mayai ya kuku. Aliniamkia, "Mulembe, mzee," akanipa kibao nikaketi, akanifungulia kioo kimoja nikitazame tumboni.

Kioo hicho si taa. Hakiwaki chenyewe, kazi yake ni kuzuia mwanga au kuuachia. Ndani yake, katikati ya vipande viwili vyembamba vya kioo, mna maada ya ajabu ambayo humiminika kama maji na huku chembe zake zimejipanga kama fuwele. Maada ya namna hiyo iligunduliwa mwaka 1888 na mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, alipokuwa akichunguza dutu iliyotoka katika karoti. Ilikaa miaka 80 kama kitu cha kustaajabisha tu, hata mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani ikaonyesha vioo vya kwanza vilivyoitumia. Mwaka 1970 wataalamu wawili mjini Basel, Uswisi, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, walipata njia iliyo bora zaidi, ndiyo iliyoenea ulimwenguni.

Njia yenyewe ni hii. Chembe hupangwa zikajisokota kama kamba kutoka upande mmoja wa kioo hata wa pili. Mwanga ukipita hufuata msokoto huo, nao hutoka salama katika kichujio kilichobandikwa upande wa pili. Umeme kidogo ukitiwa, chembe hunyooka, msokoto huondoka, na mwanga hukwama katika kichujio. Hapo ndipo tunapoona nukta nyeusi. Nukta zikikusanyika huwa herufi.

Kila chumba kina nukta tano kwa upana na nane kwa urefu, yaani nukta 40. Vyumba 32 basi vina nukta 1,280. Ukitaka kila nukta iwe na waya wake, utahitaji nyaya 1,280 kwa kioo kisichozidi upana wa kiganja!

BWANA NA MSAIDIZI WAKE

Fundi alikigeuza kioo akanionyesha matone mawili meusi ya gundi ngumu. "Chini ya gundi hii, mzee, ndiko iliko akili," akaniambia. Chini ya kila tone mna chipu. Ya kwanza ndiyo bwana: hupokea amri, hukumbuka herufi, na husukuma umeme katika nukta. Ya pili ni msaidizi. Haina akili ya herufi, kazi yake ni kusukuma umeme tu pale mkono wa bwana usipofika.

Chipu iliyoanzisha utaratibu huu ni ya kampuni ya Hitachi ya Japani, ilitoka katika miaka ya 1980, na nambari yake ni HD44780. Ina miguu 80. Kati ya hiyo, 16 huhudumia safu za kulala na 40 huhudumia safu za kusimama. Miguu 40 yatosha vyumba vinane tu kwa mstari, kwa sababu kila chumba kina nukta tano za upana. Ndiyo maana kioo cha vyumba 16 kinahitaji msaidizi wa kusukuma safu 40 nyingine. Jumla ni nyaya 16 na 80, yaani 96 badala ya 1,280. Chipu huhudumia safu moja baada ya nyingine kwa kasi ambayo jicho halitambui, mfano wa mpakuaji hodari katika karamu: huhudumia sinia moja moja, lakini wageni wote hujiona wamepakuliwa pamoja.

Tena ina kazi nyingine ambayo sikuitazamia. Umeme ukipita upande mmoja daima, maada ile huharibika na kioo hufa. Kwa hiyo chipu hugeuza umeme huku na huku, mara kwa mara, usikae upande mmoja.

Hitachi si peke yake tena. Mwaka 2003 iliunganisha kazi yake ya chipu na ya Mitsubishi ikawa kampuni iitwayo Renesas. Na kabla na baada ya hapo wengine wameiga utaratibu huo kwa chipu zao: Samsung ya Korea ilikuwa na KS0066, Sitronix ya Taiwan ina ST7066U, na wako wengine. Zote husikia amri zilezile. Fundi wa Bungoma aweza kuchomoa kioo cha kampuni moja akatia cha nyingine, na mashine isitambue mgeni.

Alinionyesha pia dalili moja niliyoipenda. Alikitia kioo umeme bila ya kukiletea amri yoyote. Vyumba 16 vya mstari wa juu vikajaa weusi, vya chini vikabaki vitupu. "Ukiona hivi, mzee, kioo ni kizima. Ila hakuna aliyesema nacho."

HERUFI ZA NANI?

Sasa tufike kwenye swali letu. Chipu hii huzijuaje herufi? Huzijua kwa kuwa zimechongwa ndani yake kiwandani, hazifutiki. Ni maumbo 240 kwa jumla: 208 ya nukta tano kwa nane, na 32 yaliyo marefu zaidi. Ukiiambia chipu nambari ya herufi, yenyewe huchora.

Na kwa kuwa Wajapani ndio walioifanya, jedwali lao la kwanza lina herufi za Kirumi kama tuandikavyo sisi, kisha kando yake zimo herufi za Kijapani ziitwazo katakana. Jingine lilitengenezwa kwa ajili ya Ulaya, lina herufi za Kifaransa na Kijerumani zenye kofia na nukta, na za Kirusi pia. Katika jedwali la Kijapani, pahali pa mkwaju mmoja wa kuegemea nyuma pamewekwa alama ya yeni, fedha ya kwao. Hebu fikiri: katika duka la maziwa la Kitale, ndani ya kioo kinachohesabu shilingi za Kenya, imelala alama ya fedha ya Japani ambayo hakuna aliyeiita. Mcheza kwao hutuzwa. Siwalaumu; wenye chombo walianza na wao.

Je, Kiswahili kimo? Kimo chote. Kiswahili tunachokiandika kwa herufi za Kirumi hakina herufi yenye kofia, wala mkia, wala nukta mbili kichwani. Hata ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo imo katika majedwali yote mawili. Mfaransa akipewa jedwali la Kijapani atakosa herufi zake, lakini Mswahili hakosi hata moja. Kibukusu nacho chaenea vilevile. Kwa hiyo yule aliyesema kwamba mashine haijui Kiswahili hakusema kweli. Mashine haijui Kiswahili wala Kiingereza. Inajua maumbo 240, na huyapanga kama inavyoamriwa.

UBAO WA CHUO

Iko sehemu moja ya chipu hii ambayo mtu aliyepitia chuoni ataifahamu mara moja. Pamoja na yale maumbo yaliyochongwa, zimeachwa nafasi nane tupu. Humo mwenye mashine huchora herufi azitakazo, nukta kwa nukta, mistari minane kwa kila herufi. Umeme ukizimika, zote hufutika, na ukirudi lazima ziandikwe upya. Yale maumbo ya kiwandani ni kama sura uliyokwisha kuihifadhi moyoni. Hizi nafasi nane ni ubao wa chuo, unaoshwa na kuandikwa kila leo.

Nikamwuliza fundi: twaweza kuandika humo herufi za Kiarabu? Maana mababu zetu waliandika Kiswahili kwa herufi hizo karne nyingi kabla ya Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 kusanifu maandishi ya Kirumi. Utenzi wa Tambuka una nakala ya mwaka 1728, na herufi zake ni hizo. Kijana akasema, "Nichoree, mwalimu."

Nikamchorea dali, wau na alifu katika karatasi ya miraba, tano kwa nane. Naye akazitia katika ubao. Kisha akaniambia jambo lililonifurahisha: chipu hii ina amri ya kuandika kutoka kulia kwenda kushoto. Ilikuwamo tangu mwanzo. Akaitoa amri hiyo, na mbele ya macho yangu kikasimama kioo kimeandika neno dawa kwa herufi za mababu zangu.

Lakini nilichagua neno hilo makusudi, kwani dali, wau na alifu haziungani na herufi inayozifuata. Tulipojaribu kuandika neno mizani mambo yalikuwa mengine. Mimu hushikana mkono na yee, na yee na zee. Ilhali kati ya chumba na chumba kiooni mna ufa usio na nukta. Herufi zilikaa kama ndugu walioshikana mikono wakakatwa na ukuta. Irabu nazo hazikupata pa kukaa, maana mistari minane haitoshi herufi pamoja na alama za juu na chini. Na nafasi ni nane tu, ilhali herufi za Kiarabu ni 28, na nyingi zina maumbo manne kwa kadiri ya pahali zilipo katika neno.

Hapo basi nimepima nikajua mpaka. Kwa maandishi ya mababu zetu kikwazo ni cha chombo chenyewe, na dawa yake ni kioo cha aina nyingine, kile kisichogawanywa vyumba. Kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi, chombo hakina kikwazo chochote.

VYUMBA 16

Kilichobaki ni ufundi wa kubana maneno, na hiyo ni kazi ya mshairi. Maneno ya Kiswahili ni marefu, watu husema, hayaenei. Tukakaa mimi na fundi tukayahesabu, nafasi kati ya maneno nayo ikiwa ni chumba.

MIZANI IKO TAYARI ni vyumba 17, imezidi moja. Ondoa "iko", sema MIZANI TAYARI, ni 13. MZIGO UMEZIDI ni 13. UNYEVU UMEZIDI ni 14, na mstari wa chini wabaki mtupu kwa kuandika 14.1 MWISHO 13.5, ambayo ni vyumba 16 kamili. Hapo mzee wa Kitale angaliambiwa yote kwa mara moja: kiasi chake, na kiasi kinachotakiwa. SALIO LIMEKWISHA ni 16 kamili, haipungui haizidi. Kwa mashine ya mayai, GEUZA MAYAI ni 11, ONGEZA MAJI ni 11, na JOTO LIMEZIDI ni 13. Hayo si mambo madogo kwa mama anayefuga: mayai ya kuku hutaka joto la kiasi cha nyuzi 37.5, hugeuzwa hata siku ya 18 kisha huachwa, na siku ya 21 vifaranga hutoka. Asiposoma kioo chake siku mbili, huenda akapoteza trei nzima.

Kisha tukaja kwenye ile mashine ya kuuzia maziwa, ambayo wenyeji huiita ATM ya maziwa. Nikasema iandikwe MAZIWA YAMEKWISHA. Fundi akahesabu: 17. Akasema, "Sisi huku tunasema yameisha." Akahesabu tena: MAZIWA YAMEISHA, 15. Nilitaka kushindana naye juu ya ufasaha, kisha nikacheka. Kwa kioo hiki, Kiswahili cha Bungoma kimeingia na cha Mombasa kimebaki nje ya mlango. Basi na kiingie! Lugha hii iliwafikia huko kwa miguu, na misafara iliyopiga kambi Mumias karne ya 19; leo wao ndio wanaotufundisha namna ya kuibana.

NI UAMUZI WA MTU

Nimalizie kwa neno kwa wenye kuleta mashine hizi, na vijana wetu wanaoandika programu zake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu anachokinunua au huduma anayoipata. Sheria imo. Herufi zimo. Fundi wa Bungoma alibadili maneno ya mashine yake yote mbele yangu kabla ya adhana ya alasiri, wala hakununua hata msumari mmoja. Mashine iliyofungwa kiwandani si rahisi kuifungua hivyo, lakini aiagizaye kwa wingi ana haki ya kumwambia muuzaji maneno ayatakayo kabla haijapakiwa melini.

Sura ya Al-Mutaffifin sote tunaijua, nayo yawakemea wapunjao watu katika vipimo. Sisemi kuwa mnunuzi yule wa Kitale alipunja. Kipimo chake huenda kilikuwa sawasawa. Nasema kwamba kipimo ambacho mpimwaji hawezi kukisoma ni nusu ya kipimo. Uadilifu wa mizani ni pande zote mbili kuona na kufahamu.

Nami kwa kuwa nimezoea mizani ile nyingine, nawaachia beti moja, ya 16 kwa 16:

Kioo hakina kosa, herufi huzipokea,
Lugha zote ni ruhusa, moja haitapotea,
Sisi ndio twaitosa, yetu tukaichelea,
Andikeni hivi sasa, mkulima angojea.